Mkono wa Mbinya

Marashi ya Mbinya yalikuwa yakifika kanisani kabla ya Mbinya mwenyewe. Watu wa Tawa walilisema hilo wakicheka, mpaka Jumapili moja ya mwaka wa sabini na nne, Mwalimu Nzuki wa kwaya aliposhikwa na pumu katikati ya wimbo. Mbinya alikuwa amesimama mbele yake, mstari wa kwanza. Wanaume wawili walimtoa mwalimu nje, macho yamemtoka pima, kifua kinalia.

Wazee wa kanisa walikaa wakaamua: Mbinya aache marashi au aache kwaya. Na kwa kuwa wazee wetu ni mashujaa wa kila kitu isipokuwa kumwambia mwanamke ukweli, wakamtuma Muthoki, mwenyekiti wa akina mama.

Muthoki alienda shingo upande. Mume wa Mbinya alikuwa amekufa akamwachia banda la ngozi za mbuzi, na kwaya ndiyo raha pekee aliyobaki nayo. Ukimnyang'anya hiyo, umemwachia nini?

Alimkuta bandani akipaka ngozi mbichi chumvi. Wakaulizana habari za watoto, za mvua, za kunde, hadi Muthoki akaishiwa na vya kuuliza.

"Mbinya, hii marashi yako inaumiza mwalimu. Wazee wamesema uiache, ama uache kwaya."

Mbinya hakuinua kichwa. "Nikiiacha, nitaingia kanisani aje?"

"Kama sisi wote."

"Mama Kalunde, ni wewe unaniambia hivyo?" Sasa alimtazama. "Unakumbuka ile Jumapili ya mavuno? Ulinisalimia, halafu ukanusa mkono wako. Ukapangusa na leso, ukanusa tena. Nilikuona. Kesho yake nilienda soko la Salama nikanunua chupa ya marashi."

Muthoki alikumbuka. Kanisani kwetu, ibada ikiisha, watu hutoka wakiimba na kupanga mstari uani, kila mtu akampa kila mtu mkono, asirukwe hata mmoja. Tangu mavuno yale Mbinya alikuwa akitorokea mlango wa kando kabla ya mstari, na Muthoki ndiye aliyewaambia wenzake kwamba mjane yule ana maringo. Aliona aibu.

"Nimesugua na limau," Mbinya akasema. "Nimesugua na jivu mpaka damu. Hii harufu haitoki."

"Nisamehe, Mbinya. Nilikukosea sana."

Mbinya akachota chumvi nyingine.

"Njoo Jumapili," Muthoki akamwomba. "Njoo tu hivyo ulivyo."

"Nitaona."

Jumapili hiyo hakuna aliyejua kwamba Mbinya amefika mpaka alipoimba. Alikuwa amesimama mwisho kabisa wa kwaya, mikono ameificha nyuma. Mwalimu Nzuki aliongoza nyimbo zote tatu bila kukohoa.

Ibada ilipoisha, Mbinya alielekea mlango wake wa kando. Akamkuta Muthoki amesimama hapo, mwanawe Kalunde mgongoni na kikapu begani.

"Mstari uko huku," Muthoki akasema.

Uani, mbele ya wote, Muthoki akaunyosha mkono wake na kungoja. Alingoja sana. Hatimaye Mbinya akampa wake, na Muthoki akaushika kwa nguvu. Ulikuwa mgumu, umepasuka kwa chumvi, na harufu ya mbuzi ilikuwa palepale, wala haikupungua hata chembe kwa kuwa mtu ametubu.

Kalunde alikuwa akililia kiazi kitamu tangu mahubiri. Muthoki akakitoa kikapuni, akakimega kwa mkono uleule, akamlisha mwanawe. Kisha akajilamba vidole.

Mbinya alitazama mpaka mtoto akameza. Halafu akamgeukia aliyefuata mstarini, Mwalimu Nzuki, akampa mkono.