Elgi Ishirini na Watano wa Ziada

Miaka ishirini na sita Gunvor alihesabu mavi ya elgi, wala hakuona haya. Elgi, mnyama mkubwa wa nchi za baridi afananaye na kulungu, ana pembe pana kama sinia, lakini kumwona msituni ni bahati. Mavi yake ndiyo hayajifichi. Theluji ikiyeyuka, unahesabu marundo ndani ya miduara iliyopimwa, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua wawindaji wa hifadhi wapige wangapi.

Mwaka huu karatasi ya hesabu ilisema wapigwe arubaini. Mwaka jana walikuwa kumi na watano.

"Weka sahihi tu," alisema Sixten, mkuu wa hifadhi. "Wawindaji wamefurahi kweli."

"Siweki. Nimekosea mimi."

Vuli iliyopita, majani yalipopukutika, theluji ilianguka mapema, naye hakuifagia miduara. Mavi ya zamani yakahesabiwa pamoja na mapya. Kosa la kijinga, tena lake mwenyewe, na lilimchoma roho.

"Ukilisema kwenye mkutano wa wawindaji, kazi huna. Kwani nani atajua?"

"Mimi najua! Wakipigwa arubaini, miaka mitatu tu msitu mtupu. Thubutu!"

Siku sita alitambaa kwa magoti matopeni. Yaliyolala juu ya majani ya vuli ni mapya. Yaliyofunikwa na majani ni ya zamani, na hayo akayatia ndooni; yaliyobaki yalitosha elgi kumi na watano tu. Magoti yalivimba, akatukana weee, akaendelea.

Siku ya mkutano ukumbi ulinukia kahawa. Hjalmar, kiongozi wa wawindaji, akamwona na ndoo.

"Ajuza katuletea zawadi!"

Wakacheka. Gunvor akaimwaga yote mezani, kando ya mikate ya mdalasini.

"Hawa hapa elgi wenu ishirini na watano wa ziada. Nilisahau kufagia, nifukuzeni. Ila leteni bunduki, muwapige hawa kwanza!"

Hjalmar akaokota kidonge kimoja, akakifikicha, kikawa vumbi. Alikuwa mwindaji tangu utotoni, hakuhitaji kuelezwa.

"Ya mwaka jana haya," akasema. Akaivuta karatasi, akafuta arubaini, akaandika kumi na tano.

Sixten, uso umemwiva, akanyoosha mkono kudai funguo za gari la hifadhi. Gunvor akamtupia.

Kwake kulikuwa kilomita tisa. Alizitembea zote na ndoo yake tupu, magoti yakimuuma vibaya, na hakuinamisha kichwa hata kidogo.