Haki ya Kununua Nyumba ya Mzee Egide

Aliyelala chumba namba 214 alikuwa amemwaga divai nyekundu kitandani, akaifunika kwa taulo jeupe, akaenda zake kupanda ndege. Vumilia alivua shuka, akageuza godoro, akatandika upya. Dakika kumi na nane kwa chumba, choo na kioo humo humo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka sita katika hoteli ya Upplands Väsby, huko Sweden, na leo alisafisha divai ya mtu bila hata kutukana, kwa sababu alijua ni divai ya mwisho.

Natalie, msimamizi wa wasafishaji, Mkenya wa Nakuru, alisimama mlangoni.

"Vumi, saa sita wanatangaza nafasi yako. Kabla ya hapo naweza kuwaambia umebadilisha mawazo. Baada ya hapo sina kitu naweza kufanya."

"Sijabadilisha, dada."

"Unajua ukiacha kazi mwenyewe, posho ya wasio na kazi hawakupi hivi hivi. Wanakukalisha wiki na wiki kwanza. Adhabu."

"Sitaihitaji. Saa nane nasaini na mnunuzi."

Natalie alimtazama kwa huruma ile inayoudhi. "Umeona pesa ama umeona karatasi?"

"Nimeona mkataba."

"Hiyo ni karatasi."

Vumilia aliendelea kusugua kioo. Wivu, alijisemea. Mtu akikuona unataka kutoka kwenye ndoo na dekio, anakuvuta mguu. Ndivyo Maina, mwalimu wao wa biashara, alivyowafundisha: wa kwanza kukupinga ni wale unaofanya nao kazi.

Saa sita kamili alirudisha sare na kadi ya kufungulia milango.

"Niwaambie watangaze?" Natalie aliuliza mara ya mwisho.

"Watangaze."

Akapanda treni kwenda mjini, abadilishe stesheni ya Odenplan, aelekee mtaa wa Spånga kwa mnunuzi wake.

Biashara yenyewe, kwa jinsi Maina alivyoieleza, ilikuwa rahisi mno hata mtu akajiuliza kwa nini Waswidi wenyewe wanaamka asubuhi kwenda kazini. Unamtafuta mwenye nyumba aliyechoka: mjane, mgonjwa, anayeachana na mkewe. Unakubaliana naye bei ya chini, anakusainia karatasi inayokupa haki ya kununua. Wewe huna hela ya kununua hata mlango wa nyumba hiyo. Unachofanya ni kuiuza ile karatasi kwa mwenye hela, kwa bei ya juu kidogo, na kile kidogo ndicho chako. Sharti moja tu: muuzaji na mnunuzi wasijuane mpaka umeshalipwa.

Maina alikuwa Mkenya mwenye suti mbili, aliyekodi chumba nyuma ya maduka ya Skärholmen na kufundisha Jumapili nane mfululizo. Ada ilikuwa mshahara wa nusu mwezi wa msafishaji. Darasani walikuwa madereva, wauguzi wasaidizi, wapishi wa shule, wote wamechoka, wote wanaandika. Fomu za mikataba alizitoa kwenye mitandao ya Marekani, akazitia katika Kiswidi kwa mashine. Hakuna aliyeuliza kama sheria nazo zilitafsirika.

Vumilia aliweka barua kwenye masanduku ya posta ya mitaa mitatu. Majibu aliyopata ni mama mmoja kumfuata hadi njiani na kumrudishia barua yake imekunjwa, akimwonyesha kidole maandishi kwenye sanduku: hawataki matangazo. Nyumba aliyoipata haikutokana na barua hata moja. Ilitoka kwa mtu anayemjua.

Mzee Egide, Mrundi wa Bujumbura, alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliopita. Watu wa Kiswahili walipokwenda kumpa pole, Vumilia alibaki nyuma kuosha vyombo, na mzee akamwambia magoti yamekataa ngazi, angeuza nyumba apate ghorofa lenye lifti. Kiswidi chake kilikuwa kidogo. Miaka ishirini alifua nguo za hospitali pamoja na watu wa kwao, na makaratasi alikuwa akisoma mkewe. Vumilia alirudi mara nne. Kila mara mzee alimpikia. Mara ya nne akamsainia, krona milioni tatu na laki sita, kwa nyumba ambayo majirani zake wenye nyumba kama hiyo hiyo waliuza karibu milioni tano.

Alimpataje? Alimwambia ukuta wa chini una unyevu, na hakuna benki itakayomkopesha mtu kununua nyumba yenye unyevu. Ukuta ulikuwa na unyevu kweli. Hilo la benki lilikuwa uongo, na lilitoka kwenye daftari la Maina, ukurasa wa kumi na moja.

Mnunuzi aliitwa Anton, fundi seremala aliyenunua nyumba chakavu, akazikarabati na kuziuza. Alikubali kutoa milioni tatu na laki saba na nusu. Laki moja na nusu ya Vumilia. Alikuwa amempa mtaa na namba ya nyumba aione kwa nje, akamficha jina la mwenyewe kama alivyofundishwa.

Saa nane alikuwa mkahawani karibu na stesheni ya Spånga, kahawa mbele yake, karatasi ndani ya bahasha ya plastiki. Saa nane na robo alipiga simu. Haikupokelewa. Saa nane na nusu alipiga tena, ikakatwa. Alinyanyuka, akatembea haraka kuelekea kwa Mzee Egide, akijiambia kuwa anakwenda kumjulia hali tu.

Gari la Anton, lenye ngazi juu, lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba.

Alisimama nyuma ya ua wa jirani, akampigia Maina.

"Mnunuzi yuko ndani kwa muuzaji! Nifanye nini?"

"Tulia, Vumilia. Kwanza, amemjua aje?"

"Sijui!"

"Hapo sasa ulikosea wewe. Nilisema wasikutane. Hiyo ni somo ya tatu."

"Karatasi ninayo. Amesaini. Si inamfunga?"

Maina alikohoa. "Inategemea."

"Inategemea nini? Wewe mwenyewe hapa Sweden umeuza mikataba mingapi?"

"Mimi ni mwalimu, sister. Mwalimu hahitaji…"

"Mingapi?"

"Mambo ya mindset hiyo nilikufundisha…"

Alikata simu. Akabonyeza kengele.

Aliyefungua ni Anton, ameshavua viatu, soksi za sufu miguuni, mtulivu kama yuko kwake. Alitoka hadi kizingitini, akarudisha mlango nyuma yake.

"Ulimpataje?" Vumilia aliuliza kwa Kiswidi.

"Niliuliza ofisi ya ardhi. Unapiga simu, unataja mtaa na namba, wanakwambia mwenye nyumba ni nani. Jambo la dakika tatu." Hakuwa akijisifu. Alikuwa akimweleza, kama mtu anayemweleza mgeni jinsi ya kutenganisha taka. "Nchi hii hakuna siri ya nani anamiliki nini. Sijui nani alikwambia unaweza kuificha."

"Nina karatasi yake."

"Uliyonitumia picha, jina umelifunika? Hapa nyumba hainunuliwi kwa ahadi. Ama mmesaini mkataba kamili wa kununua, ama hamna kitu. Hiyo yako haimfungi mtu yeyote. Na kingine, kukutanisha wauzaji na wanunuzi kwa malipo ni kazi ya dalali aliyesajiliwa. Wewe umesajiliwa?"

Vumilia aliishusha bahasha ya plastiki.

"Sitaki kukuripoti," Anton alisema, sauti ile ile ya upole. "Ninampa milioni tatu na nusu, anasaini leo. Tatizo haelewi vizuri, kila mara anataja jina lako. Ingia umweleze kwa lugha yenu. Nitakupa elfu ishirini taslimu."

Elfu ishirini ilikuwa karibu mshahara wake wa mwezi mikononi, mshahara ambao tangu saa sita hakuwa nao tena. Vumilia alimchukia mtu huyu kwa nguvu zake zote, akamchukia Maina, akachukia soksi za sufu. Kisha akavua viatu, akaingia.

Mzee Egide alikuwa mezani, miwani puani, makaratasi mbele yake. Uso ulichangamka alipomwona.

"Karibu, binti yangu! Voilà, sasa nitasikia vizuri. Huyu bwana anasema umemtuma wewe. Anasema bei imeshuka kidogo, lakini pesa iko haraka. Ni kweli? Mimi siko na akili ya makaratasi yao."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti. Sema, nitie sahihi?"

Anton alivuta kiti, akamsogezea mzee kalamu, akamtazama Vumilia na kumwashiria kwa kichwa aanze. Hakuelewa neno hata moja, na wala hakujali. Alijua watu wa namna hii, hata wakiongea lugha yao, lazima wataishia anapotaka yeye, maana wana shida.

"Usitie," Vumilia alisema.

"Nini?"

"Usitie sahihi, mzee. Mimi sikumtuma. Nyumba hii haina bei hiyo. Nyumba za pembeni hapo ziliuzwa karibu milioni tano, na hii nayo itafika huko huko, hata na huo unyevu. Benki itamkopesha mtu. Tafuta dalali aliyesajiliwa."

Alisema yote kwa sauti ya kawaida, akiangalia meza, na Anton akaendelea kutabasamu. Mzee Egide aliivua miwani, akaiweka polepole juu ya makaratasi.

"Milioni tano."

"Karibu."

"Umejua lini?"

Hapo angeweza kusema leo. Angeweza kusema asubuhi hii nimeambiwa, nimekimbia kuja kukuokoa. Mzee angeamini.

"Nilijua tangu mwanzo."

"Siku ile nilikupikia sombe, ulijua?"

"Nilijua."

Mzee alimsukumia Anton makaratasi yake. "Nej," alisema. Anton alimgeukia Vumilia, tabasamu limekauka, akamuuliza amemwambia nini. Akakusanya vitu vyake, akavaa viatu akihema kwa hasira, akasema kwamba atamripoti Vumilia huko huko wanakosajili madalali. Mlango ukajifunga kwa kishindo.

Vumilia naye alinyanyuka.

"Wewe bado," Mzee Egide alisema. "Huyu mzungu amenijua leo. Alikuja kuniibia, sawa, mwizi ni mwizi. Wewe ulikula bugali yangu mara nne. Uliniita baba."

"Nisamehe, mzee."

"Nikusamehe, miye niko padri? Mpigie huyo dalali wa kusajiliwa. Saa hii, hapa, nikisikia. Halafu utoke."

Vumilia alitafuta namba kwenye simu, akaweka sauti ya nje. Alipokea mwanamke kijana aitwaye Laurence, mchangamfu, mwenye haraka ya kupendeza. Vumilia alieleza kwa Kiswidi: nyumba ya ghorofa mbili, Spånga, mwenyewe mzee. Laurence alisema vizuri sana, watakuja Alhamisi kupiga picha. Ada yao, kwa nyumba kama hiyo, ni kama elfu tisini hivi. Vumilia alimfasiria mzee. Mzee alikubali kwa kichwa.

"Mmefanya vizuri kutupigia," Laurence alisema. "Kuna watu siku hizi wanawazunguka wazee na karatasi za ajabu ajabu."

"Najua," alisema Vumilia.

"Na wewe ni nani wake? Niandike nani hapa, binti?"

Vumilia alifungua mdomo kumfasiria mzee, lakini swali hilo Mzee Egide alikuwa amelielewa mwenyewe. Aliinama kwenye simu.

"Ingen," alisema kwa Kiswidi chake cha kufulia nguo. Yaani, si mtu yeyote.

"Samahani?" Laurence aliuliza.

"Andika mkalimani," Vumilia alisema, na akaanza kumtajia herufi za jina la Mzee Egide, moja moja, ili asikosee.