Kidumu cha Kui

Mjukuu wangu Kui, anayeniita Cucu, anavaa jezi namba kumi katika timu ya wasichana ya Kibomet, na mguu wake wa kushoto watu wanauogopa. Lakini kila mechi, dakika ya sitini ikifika, misuli inamkaza, anaanguka, anatolewa akilia. Kocha Walubengo akamwambia wazi: "Ukitolewa tena kule Bungoma, hiyo jezi ni ya Phelista."

Nilijilaumu mimi. Kwetu mtu hasafiri bila uji uliochachuka, basi nilikuwa namjaza mabakuli mawili kabla ya mechi. Mtoto anakimbia, uji unachezacheza tumboni. Na maji hanywi, ati atayaweka wapi?

Safari hii nilimpa kikombe kimoja tu, alfajiri. Halafu nikatafuta kidumu cha lita tano, nikafanya vile tulifundishwa kliniki zamani: kwa kila lita ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Nikakamulia ndimu.

Uwanjani Bungoma, Phelista alikuwa na chupa ya dukani, maji yake ya buluu kama wino.

"Shosho, si hiyo ni dawa ya kuhara?"

"Ni hiyo hiyo, mama. Anayehara na anayekimbia wote wanapoteza maji na chumvi. Hebu soma chupa yako."

Akasoma: maji, sukari, chumvi. "Na rangi," akasema, akacheka.

Kui akiingia uwanjani husahau kunywa. Kwa hivyo tulikuwa tumepatana: mpira ukitoka nje, mimi naita kitendawili, yeye anakuja mstarini, anaitikia, anakunywa mafunda mawili. Jibu lenyewe atanipa mwisho.

"Kitendawili!" nikaita.

"Tega!" Kui huyo, mbio.

"Natiririka bila mto, nina chumvi bila bahari."

Akanywa, akarudi. Mashabiki wa Bungoma wakanigeukia, mimi bibi kizee. "Huyu kukhu amekuja kutazama mpira ama kufundisha darasa la pili?" Wakacheka sana. Lakini kipindi cha pili nikiita tu, upande wote unajibu, "Tegaaa!"

Dakika ya sitini. Tuko sare, bao moja kwa moja. Nilikumbatia kidumu kama mtoto mchanga. Kui akainama, akashika mguu. Kumbe anavuta soksi! Sabini ikapita. Themanini ikapita. Mabeki wa Bungoma sasa wanatembea, mikono kiunoni, na Kui bado anakimbia kama ndiyo anaingia. Dakika ya themanini na saba akachukua mpira katikati, akapita wa kwanza, wa pili, akapiga kwa ule mguu wa kushoto. Nyavu zikatikisika. Mimi na miaka yangu sabini na mbili niliruka, kitambaa cha kichwa kikaanguka, sikukiokota.

Filimbi ya mwisho ikapigwa Kui akiwa amesimama. Phelista akaja na kikombe, bila kucheka. "Shosho, imebaki?" Nyuma yake Walubengo: "Mama, Jumamosi tunacheza Lwakhakha. Leta kidumu cha timu yote, bana."

Kui akaja, namba kumi imelowa mgongoni. Akabandika shavu lake kwa langu, chumvi tupu.

"Jasho, Cucu."

Ukishindwa kutegua, sharti unipe mji. Siku hiyo sikupewa mji, na sikuutaka.