Basi la Mhoja

Wazee wengine wakiletewa posa huuliza ukoo, huuliza dini, huuliza kama kwao kuna ugonjwa wa kurithi. Baba yangu, Mzee Timotheo, aliuliza namba ya usajili ya guta.

Mshenga akaitaja bila wasiwasi. Mchumba wangu Mhoja anaendesha guta pale Mikumi, pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma. Anabeba kreti za soda, magunia ya mahindi, magodoro ya nyumba za wageni, chochote kile. Ndivyo tulivyojuana. Alinibebea cherehani kutoka Mikumi mpaka kwetu Kilosa, na safari ilichukua muda mrefu kiasi kwamba tulipofika nilikuwa nayajua majina ya ng'ombe wote wa baba yake. Nilimpenda kwa mwendo wake ule ule wa taratibu, sioni aibu kusema.

Mambo yalikuwa yameiva. Mahari ng'ombe sita, ndoa kanisani kwetu Anglikana, gauni nilikuwa nalishona mwenyewe usiku na mchana. Kilichobaki ni baba kusema ndiyo. Yeye akavaa miwani, akachukua simu, akaiingiza ile namba mahali pa kuangalia madeni ya trafiki. Huo ndio mchezo anaoupenda kuliko redio. Gari la mchungaji, la diwani, la mwalimu mkuu, yote anajua yamekamatwa lini na kwa kosa gani.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Monica, huyu mtu ana basi."

"Basi gani, baba?"

"Basi la abiria. Limepigwa tochi Mikumi likikimbia kilomita mia moja na nne kwa saa, mahali pa hamsini. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Namba ni ya Mhoja, aina ya chombo ni basi la abiria. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Guta lile likipanda kilima, abiria wake hushuka kulisukuma! Lakini nilikosea kucheka, maana kwa baba, jambo likishaandikwa na serikali limeandikwa.

"Kwanza ni mkimbizaji, atakuua," alisema, akikunja vidole. "Pili ni mjanja. Mwenye basi anakuja kwangu na ng'ombe sita kama mtu aliyefilisika? Mshenga, rudi ukawaambie ishirini."

Mshenga akaondoka na ujumbe, na mji ukabaki na habari. Kufika jioni Kilosa nzima ilijua naolewa na mwenye basi. Shangazi Bibiana alipiga simu kuweka nafasi ya kwenda Dodoma, siti ya dirishani, bure, kwa kuwa ni ndugu. Rafiki yangu mmoja aliuliza kama lina televisheni ndani. Wengine hata salamu zilibadilika, zikawa na tabasamu refu. Nilitamani kumrushia mtu mkasi.

Mhoja naye akapiga.

"Monica, mimi nimetajirika lini? Mbona sijaambiwa?"

Tulicheka wote wawili, kisha sauti yake ikashuka. Baba yake, Mzee Ngeleja wa Msowero, alikuwa amesema hana ng'ombe ishirini wa kumpa mtu asiyejua kutofautisha basi na guta. Maneno yasiponyooka kabla ya Jumapili, posa anaiondoa. Hapo kicheko kilinikauka. Nilimtaka Mhoja, si kidogo, na nilikuwa naelekea kumkosa kwa sababu ya basi ambalo halipo.

Kesho yake nikamshika baba mkono, tukapanda gari hadi Mikumi.

Pale polisi tulimkuta Afande Yusrah, dada mwenye sauti nzito na macho ya utani. Mhoja alikuwa ameshafika na guta lake, ameliosha likang'aa kama anakwenda kulibatiza.

"Shikamoo, mzee," akasema afande.

"Marahaba, mwanangu. Nimeletwa kuona basi."

Afande alilizunguka guta mara mbili, polepole, mikono nyuma.

"Abiria wanakaa wapi?" akamuuliza Mhoja.

"Juu ya kreti, afande. Wale wa daraja la kwanza nawapa godoro."

Afande akageuka ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Alipopata nguvu ya kuongea alifungua kompyuta yake, akatuonyesha. Kwa jina la Mhoja kulikuwa na chombo kimoja tu, hilo guta. Basi lililokimbia lilikuwa la mtu mwingine kabisa; askari aliyeingiza namba alikosea, kosa likamwangukia Mhoja pamoja na basi lake. Angeandikia ofisi ya mkoa, Morogoro, kosa lirekebishwe, na deni lifutwe.

Nikampigia vigelegele hapo hapo kituoni.

"Subiri," akasema baba. "Basi hana, nimekubali. Na mwendo je? Nitajuaje kwamba hili si likimbiaji?"

"Mzee, hili?" akauliza afande.

"Hilo. Si mnayo tochi? Mpimeni."

Kwa kweli sidhani kama sheria inasema hivyo, lakini siku ilikuwa shwari na Afande Yusrah ana moyo wa kitoto. Tukaelekea barabara ya Ruhembe, nje kidogo ya mji, mahali palipotulia. Afande akasimama mbele na tochi yake. Bodaboda wakaacha abiria wao, wauza nyanya wakaacha nyanya. Baba akakataa katakata kubaki pembeni, akisema Mhoja atabana mafuta makusudi, ni lazima mtu wa kumwangalia awe ndani. Akaparamia bodi kwa suti yake ya kanisani. Nami nikapanda ili nimshike.

"Kanyaga!" akapaza sauti.

Guta likanguruma, likatetemeka, likaanza kwenda. Watu walipiga mbinja. Kofia ya baba ikaruka, mama mmoja akaidaka. Kijana wa baiskeli aliyebeba mzigo wa miwa akatufikia, akatusalimia, akatupita.

"Baba, si umeona?" nikapiga kelele. "Baiskeli imetupita!"

"Nimeona! Tangu mwanzo nilijua!"

"Ulijua nini?"

"Kwamba hana basi! Mwenye basi hawezi kupoteza siku nzima kumbebea msichana cherehani!"

Nilimkodolea macho. Hasira ilinipanda hadi masikioni.

"Sasa ng'ombe ishirini wa nini, baba? Mbona umeniaibisha mji mzima?"

Injini ilikuwa inapiga kelele, naye ilimbidi apige kelele kuishinda. Pengine kwa sauti ya kawaida asingeweza kuyasema.

"Nilitaka washindwe! Mama yako alipofariki nilibaki na wewe! Ukienda wewe, nitabaki na nani? Nitakuwa naongea na simu?"

Mhoja aliyasikia yote. Akaachia mafuta, guta likasinzia katikati ya barabara, na Afande Yusrah akaja mbio.

"Kumi na tisa! Mbona umepunguza? Hicho si kipimo, rudia!"

Mhoja aligeuka kwenye kiti akamtazama baba, macho yake yamelowa kwa vumbi au kwa kitu kingine.

"Mzee, kila Jumamosi nitamleta mwenyewe. Tukitoka alfajiri, mchana tumefika."

"Kwa mwendo huu?" akauliza baba.

"Kwa mwendo huu, mzee."

Baba alijipangusa uso kwa kiganja. Akanitazama, nami nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, sura imeharibika kabisa. Kisha akapiga bodi kwa ngumi.

"Ng'ombe sita! Afande, wewe ni shahidi, sita! Haya mkwe, rudi mwanzo, kanyaga tena, na safari hii usituaibishe!"

Tukarudi mwanzo, tukaja tena, mwendo wa juu kabisa wa guta, kilomita arobaini na moja kwa saa. Baba alikuwa anashangilia kuliko wote. Nilimshika mkono njia nzima, ingawa kwa mwendo ule hakuna ambaye angeanguka.