Kitanda Kwenye Kona

Mimi ni dalali wa majengo, ila si ya kuishi watu. Natafuta nyumba za zahanati, maabara na madaktari wa meno. Nina desturi moja ambayo wenzangu hunicheka nayo: kabla mteja hajasaini, nalala kwenye kitanda cha magurudumu nisukumwe jengo zima. Vipimo vya karatasini nimeshaviamini, vikanitia aibu.

Safari hii mteja alikuwa daktari wa upasuaji. Alitaka kituo cha kupasua watu asubuhi na kuwarudisha kwao jioni. Bosi alikuwa amenionya, "Mama, hili likiharibika unarudi kupangisha vibanda." Nami, kwa papara zangu, nilikuwa nimemsifia daktari ghala moja la zamani la samani wiki tatu nzima kabla sijalilalia.

Siku ya kulikagua nikalala kitandani, mlinzi wa ghala akanisukuma. Mlango wa mbele, tukapita. Mapokezi, tukapita. Kwenye kona ya kuingilia chumba tulichokipangia upasuaji, kitanda kikakwama. Akavuta, akasukuma, wapi! Na ukuta ule ndio uliobeba paa, haubomoleki.

Mwenye jengo, aliyekuwa akitufuata nyuma, akaniinamia sikioni. "Dada, daktari bado yuko nje na simu yake. Nyamaza tu. Akishasaini, kona ni yake."

Nilishikwa na hasira, na woga pia, nisiseme uongo. Kazi naipenda. Lakini nilimwaza mama wa mtu amelala pale nilipolala mimi, dawa ya usingizi haijamtoka, anabebwa msobemsobe.

"Daktari!" nikapaza sauti. "Njoo uone, kitanda hakipiti!"

Akaja amekunja uso. "Si ulisema jengo halina kasoro?"

"Nilisema. Nimekosea."

Akatikisa kichwa, akageuka aende zake. Nami nimelala chali kama mjinga, miguu imeelekea chumbani. Ndipo nikauona, kwenye ukuta wa pili wa chumba, mlango mpana wa chuma ambao zamani ulitumika kupakilia makabati.

"Daktari, subiri! Wagonjwa wako wanaingiaje kupasuliwa?"

"Kwa miguu yao, wengi wao."

"Na kutoka?"

"Wamelala, au kwenye kiti."

"Sasa kitanda kinakuja kwenye kona hii kutafuta nini? Waingie mbele wakitembea, watokee nyuma. Chumba cha kuzindukia kiwe huko huko, na gari la ndugu zao lisimame mlangoni. Hata la wagonjwa, mambo yakiharibika."

Alikwenda hadi kwenye ule mlango, akarudi, akaenda tena, akihesabu hatua kwa midomo.

"Umenipotezea nusu saa," akasema.

"Samahani sana, daktari."

"Ungenyamaza, ungenipotezea mgonjwa." Akatoa kalamu. "Mpigie bosi wako. Mwambie kituo changu cha pili utanitafutia wewe, sitaki mwingine."

Nilimshukuru nikiwa bado nimelala chali. Mlinzi ndiye aliyenishika mkono nikashuka.