Difu Yenye Kufuli

Figo za mama zilistaafu kabla yake. Tangu hapo husafishwa damu kwa mashine, kila Jumanne na kila Ijumaa, katika hospitali iliyo ng'ambo ya bonde letu. Ijumaa ile hakufika. Mvua ilikuwa imelainisha mpando wa ng'ambo, pikapu ya dada ikapanda hadi nusu, ikateleza kinyumenyume mpaka mtoni, na mama ndani yake ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kufikia Jumanne uso ulikuwa umemvimba, pete haitoki kidoleni, na alilala ameketi kwa sababu akijinyoosha pumzi zinamkimbia. Nesi alimwambia dada kwa simu, "Leo msimkose. Leo si siku ya kubahatisha."

Watu hutuuliza kwa nini hatuhami. Mimi huwauliza kwa nini barabara haihamii kwetu. Kila aliyewahi kugombea chochote amesimama chini ya mpando ule akaahidi lami, na nawakumbuka wote, hata rangi ya kofia zao. Namkumbuka aliyeleta greda, likapigwa picha, likaondoka pamoja na mpiga picha. Namkumbuka yule wa ofisi ya barabara aliyetusikiliza huku anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, kisha akasema, "Lakini magari si yanapita?" Yanapita! Hata mfupa hupita kooni, muulize aliyeumeza.

Ndiyo maana sikuipenda difu.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi. Baada ya Ijumaa ile alikwenda kwenye uwanja wa magari yaliyokufa, akaichomoa difu ya nyuma, lile bonge la gia linalogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili, kutoka kwenye pikapu iliyofanana na yetu kwa kila kitu ila kimoja: difu ile ilikuwa na kufuli. Ya kwetu ilikuwa ya kawaida, na difu ya kawaida ina upumbavu wake. Tairi moja likikosa pa kushika, nguvu yote humkimbilia huyohuyo anayecheza kwenye tope, na mwenzake aliye pakavu hukaa kimya kama bwana harusi. Ukivuta kufuli, matairi mawili hufungwa pamoja. Yatazunguka sawa, yapende yasipende.

"Kama serikali ingefungwa hivyo," nilimwambia.

"We Honi, nishikie taa," alinijibu. Honi ni mimi. Jina walinipa kwa sababu ya mdomo.

Asubuhi hiyo ya Jumanne alikuwa bado chini ya gari uani, amelalia gunia, manyunyu yanampiga miguuni. Alikuwa amepaka meno ya gia rangi ya njano iliyochanganywa na oili, anazungusha kwa mkono, anaangalia alama inavyobaki. Alama ikikaa katikati ya jino, meno yanaumana vizuri. Ikikimbilia ukingoni, jino litakatika njiani.

"Ukingoni," alisema.

"Maana yake?"

"Maana yake nafungua tena."

Dada alitoka jikoni, funguo za gari mkononi. "Baba watoto, mama anapumua kama aliyekimbizwa."

"Namsikia. Dirisha liko wazi, namsikia tangu alfajiri. Nikifunga hivi utamsikia akipumulia katikati ya mto."

Akafungua. Akaongeza kijisahani chembamba kama ukucha nyuma ya gia, akafunga, akapaka rangi upya. Sisi wawili tulisimama juu yake kama watu wanaosubiri kaburi lifukiwe. Hapo ndipo nilipomwambia dada neno lililokuwa likinichoma.

"Umefikiria? Gari hili likipanda leo, watasema barabara ipo. Watatutolea mfano. Tungempigia yule bwana wa ofisini aje aone tumekwama na mgonjwa ndani. Aone kwa macho yake."

Dada hakupaza sauti. Huyo ndiye dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni. Akikasirika hushusha sauti mpaka unamwinamia.

"Mama si ushahidi wako," alisema. "Nenda kamvalishe soksi."

Nikaenda. Miguu ilikuwa imevimba, soksi ikagoma kwenye kifundo. Mama alinitazama nikihangaika. "Wee mtoto," alisema, kila neno na pumzi yake, "ungekuwa... hodari wa soksi... kama ulivyo hodari wa hotuba..." Akaishiwa. Nikamwacha na soksi moja.

Uani, shemeji alitoa kichwa. "Katikati!" Alikuwa na njano hadi kwenye nyusi.

Tulimpandisha mama mbele, karibu na dirisha. Dada akashika usukani. Mimi na shemeji tukapanda nyuma. Yeye akachuchumaa juu ya ekseli, kiganja kwenye bati, akiisikiliza difu yake kama mkunga. Tulishuka upande wetu wa bonde, tukavuka mto, na mbele yetu ukasimama mpando, mwekundu, unang'aa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

Nao walikuwa pale. Hapa yafaa nieleze desturi yetu. Gari likianza kuteleza kwenye mpando ule, watu wanaoishi pembeni hutoka mbio wakarukia nyuma yake, wakakaa kwenye bampa na kuning'inia kwenye bodi, ili uzito uyakandamize matairi. Tunaita kukandamiza. Haina malipo wala haisubiri kuombwa. Niliipanga mimi: nilipita nyumba kwa nyumba nikasema kama wakubwa hawatuletei kokoto, basi kokoto ni sisi. Na siku za mvua ni mimi ninayesimama pembeni nikirusha mikono na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Kinyozi alikuwa amekuja na kitambaa chake cha kunyolea begani. Mama wa genge la mboga, mwanamke mwenye mwili wake na asiyeuonea haya, alikuwa ameshakunja nguo magotini.

"Leo hatuwahitaji!" shemeji aliwaambia tukipita. "Leo kuna mashine!"

"Mashine kitu gani?" mama wa genge alijibu. "Mimi ndiye mashine!"

Shemeji alimgongea dada kioo. "Sikiliza mke wangu. Hapa chini vuta kufuli, panda polepole, usikanyage mafuta kwa hasira. Ukifika kwenye kona, zima. Umenielewa? Pale barabara imelala upande wa korongo. Ukipita umefunga, matairi yote mawili yatateleza pamoja na mkia utaingia shimoni. Ukiwa umezima, moja litazunguka bure, lingine litakushikilia."

"Nimeelewa tangu jana, na juzi."

"Taa ya dashibodi ndiyo mkubwa wako. Ikiwaka, bado imefunga. Usiamini mkono wako, amini taa."

Mimi niliruka chini nitangulie kwenye kona, niwe macho ya dada. Nyuma yangu nikasikia kufuli likiuma, *ka*, kisha injini ikashuka sauti, na pikapu ikaanza kuja. Nitasema kweli: ilipanda. Pale ilipotelezea Ijumaa ilipita kama mwenye shamba lake. Matairi mawili yalitafuna tope sawia, udongo ukaruka nyuma vipande kwa vipande, na watu wakapiga vigelegele. Na mimi, mpinzani wa difu, nikajikuta meno yote nje.

Kisha ikafika kwenye kona.

Kona ile ni fupi. Kulia ukuta wa udongo, kushoto korongo linalomeza ng'ombe. Nilimwona dada akisukuma mkono wa kufuli mbele. Akainamia dashibodi. Akausukuma tena.

"Haizimi!" alipiga kelele. "Taa inawaka!"

"Imebanwa!" Shemeji alikuwa ameshika bodi ya upande wa ukuta, anamwaga uzito wake wote huko. "Meno yamevutana! Usiende mbele! Iache irudi nyuma kidogo, nusu tairi tu, itaachia yenyewe!"

Kupitia kioo nilimwona mama. Hakuwa anatazama korongo. Alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, anaitafuta hewa.

Dada aliachia breki. Pikapu ikarudi nyuma taratibu, kama alivyoambiwa.

Na watu wangu wakaiona ikirudi nyuma.

Kwao gari linalorudi nyuma kwenye mpando ule ni gari linalokufa. Walikuja mbio, kinyozi mbele, na wakaruka pale palipokuwa wazi, yaani kwenye mkia, na wengi wao upande wa kushoto. Mkia ukazama. Nikaona tairi la nyuma likisogea kuelekea korongo, pole, kwa adabu, kama mgeni anayejisogeza kitini.

"Shukeni!" nilipiga kelele. "Shukeni jamani, shukeni!" Nikarusha mikono.

Lakini ni mikono ileile ninayorusha siku zote, na mbele ya injini na mvua hakuna aliyesikia neno. Waliona Honi anapiga kelele, na kila mtu hapa anajua maana yake. Wakaja wengine watatu. Kadiri nilivyofoka, ndivyo walivyong'ang'ania. Kinyozi alinipungia mkono kunionyesha kwamba wameshakandamiza vizuri, nisiwe na wasiwasi.

Tairi likasogea tena.

Nikafunga mdomo. Nilishuka mbio, nikateleza, nikafika kwenye mkia kwa makalio, nikamshika mama wa genge kifundo cha mguu na kuvuta. Akaanguka juu yangu kama gunia la viazi. Kinyozi nikamvuta kwa mkanda wa suruali, na sikusema neno. Nadhani ni huko kunyamaza kwangu kulikowatisha. Waliobaki walinitazama, wakatazama korongo, wakaachia mikono mmoja baada ya mwingine.

Gari likawa jepesi. Likarudi nyuma upana wa kiganja, na chini yake kitu kikasema *ka*.

"Imezimika!" Sauti ya dada ilipasuka katikati.

"Nenda! Usisimame tena, nenda!"

Tairi moja likazunguka bure, likiturushia tope usoni, lingine likashika. Mkia uliyumba, ukajikusanya, ukafuata. Pikapu ikaipita kona, shemeji bado ananing'inia upande wa ukuta kama popo, ikapotea juu. Haikusimama. Ningekuwa mimi nisingesimama.

Tulibaki kwenye tope. Mama wa genge alikaa, akajifuta jicho moja.

"Honi, umenivua heshima mbele ya vijana."

"Nisamehe mama. Ulikuwa unawaua."

"Mimi? Mimi niliyekuja kuwaokoa?" Akatazama mahali tairi lilipokuwa limefika.

Hatukuondoka. Simu yangu ilikuwa mkononi na mkono ndani ya shati, isilowe. Kinyozi alisema hospitali si mbali kutoka juu. Mwingine akasema foleni ya pale wanaiheshimu hata wafu. Nilimwambia anyamaze. Nilihesabu pumzi za mama kichwani ingawa sikuwa naye, na kila mara nilimkosa mahali palepale, pale anapovuta na haitoki.

Simu ikalia. Dada alikuwa ananong'ona kama watu wanavyonong'ona hospitalini.

"Wamemuunganisha. Nesi ametugombeza wote, mpaka shemeji yako na njano yake. Lakini wamemuunganisha. Anapumua."

Niliwainulia wenzangu kidole gumba, na wao wakapiga kelele za kutosha hata mama azisikie kitandani.

"Difu imefanya kazi," dada alisema.

"Imefanya."

"Mbona sauti yako hivyo?"

Nilikuwa nimesimama kwenye kona. Pale matairi mawili yalipokuwa yamefungwa pamoja, yakingoja kuachiana, yalikuwa yamekula ukingo wa barabara. Palipokuwa na upana wa gari na kiganja, kiganja kilikuwa hakipo. Nilikanyaga kidogo kwa kisigino, na bonge la udongo kubwa kama kichwa likang'oka, likaenda. Tulilisikiliza likianguka muda mrefu.

"Honi? Unanisikia? Tunarudi jioni akimaliza. Barabara ikoje?"

Wote walikuwa wananitazama, wanangoja niseme kitu, mimi mtu wa maneno.

"Msirudi na pikapu," nilisema. "Mlaze mama huko huko, popote. Gari lisirudi."

"Na Ijumaa?"

Mvua ilianza upya, kubwa sasa. Mama wa genge alikuwa ameshainama, anaokota jiwe la kwanza la kujazia ukingo.