Kiwiko cha Joho

"Shikamoo, wakili."

Fundi aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, akiyakodolea macho majoho meusi ya mawakili yaliyoning'inia dirishani, yakipumua kwa upepo kama watu waliosinzia wima.

"Marahaba, mwanangu. Umepotea mlango. Mimi hutetea suruali zilizopasuka tu."

Mwanamke hakucheka. Alijiachia juu ya robota la vitambaa, akaeleza. Mumewe, muuza vitabu vya mitumba, alikamatwa siku sita zilizopita kwa kuuliza hadharani kwa nini vibanda vyao vilibomolewa. Mahakamani hakufikishwa. Kesho saa nne angehamishwa, wapi hawakusema. Mawakili watatu walimsikiliza mwanamke vizuri mpaka alipotaja polisi, kisha wote wakakumbuka wana shughuli.

"Nilipoyaona majoho nikasema, Mungu si Athumani."

Fundi aliyageukia majoho. Miaka thelathini alikuwa akiwajua mawakili kwa nguo zao. Majoho mengi yalimjia yamechafuka kola tu. Moja lilikuja kila mara limelika kiwiko cha kulia, kwa sababu mwenyewe huegemea kaunta za vituo vya polisi, saa baada ya saa, mpaka aonyeshwe mtu wake. Alilishusha, akamwekea mwanamke mapajani.

"Mwenye joho hili ndiye wako. Kibao cha ofisi yake waliking'oa, huwezi kuufikia mlango wake bila kupelekwa. Leo yuko safarini. Kesho saa mbili nitakupeleka mwenyewe."

"Mafundi nyie," mwanamke alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, "kesho yenu huwa haifiki mpaka sikukuu ipite."

"Hiyo ni kesho ya magauni."

Alasiri alipita ofisa wa stoo ya polisi, ambaye sare zake ndizo zilizomlisha fundi miaka yote.

"Mzee, kesho saa mbili njoo kituoni na futi yako. Tuna askari wapya sitini wa kupimwa sare."

"Saa tano je, mkuu?"

"Saa mbili. Au umeanza kuringa? Jirani yako naye ana cherehani."

Alipobaki peke yake, fundi alikishona kiwiko cha joho lile kwa uzi wa mara mbili, polepole. Kitambaa kilikuwa na joto kiganjani mwake, kana kwamba mkono wa mtu bado umo ndani.

Asubuhi aliivua futi shingoni, akaitundika kwenye msumari wa joho. Shingo ikawa nyepesi, karibu baridi. Mwanamke alikuwa keshafika.

Walitembea ndani ya ukungu. Kwenye lango la polisi, vijana sitini walipanga foleni ya kupimwa, na ofisa akamwona, akatazama saa yake. Fundi alimwinamishia kichwa kwa adabu, akapita.

Vichochoro vitatu mbele, alibisha mlango usio na kibao. Upepo uliunyanyua mkono wa joho alilolibeba, ukaulaza begani mwa mwanamke. Ndani, kiti kilisogezwa.